Abiria wa Gari la Kuvutwa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabango ya matangazo wakati simu ya Kulabu ilipolia tena. Hakupokea. Alijua ni mke wake.

Mke alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali tangu mchana. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, mtoto mapajani, akimsubiri baba mtoto aje awachukue. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya huyu. Mbili. Ya pili ilipotoka, Kulabu alilia mbele za watu bila kuona haya, yeye mwanamume wa kutukanana na madereva wa malori kutwa nzima. Kwa hiyo huyu aliyekuja akiwa hai, na mapafu ya kupiga kelele, Kulabu hakutaka hata kumtaja sana, kwa hofu ya kijicho. Alitaka jambo moja tu: kumfikisha nyumbani salama na kufunga mlango.

Lakini kazi haina huruma. Kulabu alikuwa dereva wa gari la winchi, yale yanayokokota magari yaliyogongwa hadi yadi, na hilo jina la Kulabu alipewa na wenzake kwa sababu ya ile ndoano ya nyuma. Alikuwa tayari ameshika njia ya hospitali pale redio ya kazini ilipokoroma.

"Kulabu, uko wapi?"

Alikuwa Dada Redio, mwanamke wa yadini anayewapangia kazi. Watu walimwogopa kuliko bosi.

"Naenda kumchukua mke wangu. Nilikuaga asubuhi."

"Uliniaga, ndiyo. Sasa kuna ajali barabara kuu, chini kidogo ya flaiova. Iko njiani kwako. Livute tu, upitie hospitali, ulilete yadi. Foleni imefika mjini, trafiki ananitukania mama yangu."

Akaenda. Angefanyaje?

Barabara kuu ya mji ule ilikuwa na njia nyingi na utu haba. Ukiwasha indiketa kuomba nafasi, aliye nyuma anakanyaga mafuta ili usiipate. Kulabu alisukumana nao mpaka akafika. Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, limegonga ukuta wa zege kwa ubavu. Dereva wake, kijana ambaye trafiki alisema alikuwa peke yake garini, alikuwa ameshabebwa na gari la wagonjwa. Kwenye usukani kulikuwa na damu.

Sasa sikiliza. Watu wa winchi wana kanuni yao, na haikuandikwa popote. Gari lenye damu halivutwi hivi hivi. Unafungua milango yake yote, kila mmoja, hata uliobonyea. Unasema kwa sauti: "Safari imeishia hapa. Teremkeni." Unasubiri kidogo. Ndipo unafunga milango na kutundika ndoano. Wageni wa kazi hucheka wakiambiwa hivyo. Hawacheki muda mrefu.

Kulabu aliufungua mlango wa dereva. Akaufungua wa abiria. Mmoja wa nyuma ukafunguka kwa shida. Wa mwisho, ule uliokutana na ukuta, ulikuwa umekunjika kama karatasi. Akaenda kutafuta mtaimbo.

"Wewe!" trafiki alibweka. "Unachokonoa milango ya nini? Unatafuta redio ya kuiba?"

"Afande, dakika moja tu..."

"Hiyo dakika kawape wale." Trafiki alionyesha foleni. Honi zilikuwa zinalia mfululizo. Mtu mmoja alitoa kichwa dirishani na kumtaja Kulabu kwa jina la kiungo ambacho hakitajwi mbele ya wazazi. Simu ikalia tena mfukoni. Mke.

Kulabu akaitazama ile foleni. Akautazama mlango.

Akautupa mtaimbo garini. Akafunga milango yote, akakata nyaya za betri ya gari bovu kama kawaida ili lisije likashika moto, akatundika ndoano, akanyanyua pua ya gari hilo juu na kuondoka. Yale maneno hakuyasema. Kwa mlango ambao haujafunguka angemwambia nani ateremke?

"Umefungua?" Dada Redio aliuliza kwenye redio ya kazini.

"Nimefungua."

"Yote?"

"We dada, mbona unanihoji kama hakimu? Nimefungua."

Haukupita muda, usukani ukawa mzito. Kulabu alishangaa. Kigari kile, hata akina mama wawili wangekisukuma, mbona kinakokota kama kimejaa kokoto? Aliongeza mafuta. Injini ikaguna.

Kisha ikaja harufu.

Maziwa. Maziwa yaliyochacha, na ndani yake dawa ya kuchua, ile wanayojipaka watu wenye viungo vibovu. Alifungua dirisha. Harufu haikutoka. Ilikaa.

Alitupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Gari bovu lilikuwa linamfuata, limeinua uso, kioo chake cha mbele kimepasuka. Indiketa yake ilikuwa inawaka.

Ikazimika. Ikawaka.

Nyaya za betri alizikata mwenyewe, kwa mkono wake. Kila walipokaribia njia ya kuchepuka kwenda kwenye makazi ya watu, indiketa ile iliwaka kuelekea huko. Wakiipita, inazimika. Ikifika nyingine, inawaka tena.

"Ni nyaya tu," alijiambia. "Zimegusana."

Teksi moja ilimjia sambamba. Dereva wake alishusha kioo, uso umemvimba kwa hasira.

"We mshenzi! Unavuta gari na mtu ndani?"

"Nani?"

"Huyo mama huko nyuma! Anagonga kioo muda wote na wewe umekausha! Una roho ya mnyama wewe?"

Teksi ikafyatuka mbele. Kulabu akabaki na usukani wake. Akaizima redio ya muziki ili asikie vizuri, na hapo akajuta.

Ko.

Ko, ko...

Hapakuwa na haja ya kujidanganya tena. Alikuwa na mtu. Na mbele yake, baada ya njia chache tu za kuchepuka, mke wake alikuwa anamsubiri na kichanga chenye siku chache duniani. Ampeleke huyu mpaka pale? Mbele ya mtoto? Woga ulimshika Kulabu barabara, lakini ulikuwa woga wa baba, na woga wa namna hiyo humfanya mtu apige breki mahali ambapo mwenye akili hasimami.

Alisimama ukingoni mwa barabara. Malori yalipita karibu, upepo wake ukilitikisa gari zima. Mlango wa upande wake usingefunguka bila kung'olewa na lori, kwa hiyo alijiburuta kwenye kiti, akatokea mlango wa abiria, akashika mtaimbo na kukimbilia nyuma.

Akaishusha pua ya gari bovu chini. Mlango wa dereva. Akafungua. Wa abiria. Akafungua. Wa nyuma. Akafungua.

Wa mwisho aliushindilia mtaimbo na kuunyonga kwa uzito wa mwili wake wote. Chuma kilipiga kelele. Kikaachia.

Ndani hapakuwa na mtu.

Mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwa umefungwa.

Ulikuwa umefungwa na umejaa... Haukulala juu ya kiti. Ulikuwa umevimba mbele, umezunguka kifua na tumbo ambavyo havikuwapo, na ulikuwa ukipanda na kushuka. Taratibu. Kama mtu apumuavyo.

Sauti ya Kulabu ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Safari imeishia hapa. Teremka..."

Mkanda ukapanda, ukashuka.

"Teremka, nakuomba. Nina mtoto mchanga."

Hilo la mtoto lilimtoka tu. Hakulipanga.

Mkanda ukafyatuka. *Tak.* Ukajirudisha polepole mpaka mahali pake. Kiti kikanyanyuka pale kilipokuwa kimebonyea, na kitu kikampita Kulabu begani, kikamwachia ubaridi shavuni na ile harufu ya maziwa. Kisha harufu nayo ikaondoka.

Akasubiri. Malori yakapita. Hakuna lililotokea.

Basi alicheka. Alicheka peke yake pale ukingoni, machozi yakimtoka. Akaifunga milango minne, akalitundika gari upya, akapanda alikotokea na kuuvuta mlango nyuma yake. Usukani ulikuwa mwepesi. Indiketa ya gari bovu haikuwaka tena, hata walipochepuka kuelekea hospitali.

Mke wake alikuwa amesimama getini, mtoto kifuani akilia, mkoba mkubwa miguuni.

"Tangu mchana!" alianza kabla Kulabu hajazima injini. "Tangu mchana nimekaa pale benchini kama mzigo usio na mwenyewe. Wenzangu wote wamefuatwa. Mpaka mfagiaji ananionea huruma. Halafu unakuja na maiti ya gari nyuma. Huna hata aibu, baba?"

"Nisamehe, mama. Nitakueleza. Panda kwanza, mtoto asipigwe na upepo."

"Shika mkoba wako. Mlango najua kuufungua."

Akamzunguka na kwenda kupanda. Kulabu hakununa. Matusi ya mke wake yalikuwa matamu jioni ile, alitamani aendelee nayo mpaka nyumbani. Aliubeba mkoba hadi kwenye boksi la vifaa ubavuni mwa gari, akawa anaupangia nafasi kati ya minyororo, pale simu ilipolia. Dada Redio. Alikuwa ananong'ona, na mwanamke yule hajawahi kunong'ona tangu azaliwe.

"Kulabu. Ndugu yake yule kijana wa ajali amepiga hapa yadi. Anaulizia gari. Siyo gari lenyewe, anauliza kama tumelifungua. Anauliza wapi."

"Kwa nini?"

"Anasema kijana alikuwa anampeleka shangazi yao."

"Trafiki kasema alikuwa peke yake."

"Shangazi alishazikwa zamani, Kulabu. Wanasema tangu azikwe hawajalea mtoto pale kwao. Wakizaa, kichanga kinasikika usiku kikibembelezwa, na hakuna aliyeamka kukibembeleza. Asubuhi wanakikuta cha baridi. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, wakamcheka hadi anakufa. Ndipo mganga akawaambia wamkaribishe garini kwa heshima, wampeleke mbali kabisa, pasipo na nyumba, wamfungulie mlango wasigeuke nyuma. Kijana hakufika. Sasa wewe ulifungua pale pale kwenye ajali, siyo?"

Kulabu aliusukuma mkoba ndani ya boksi.

"Kulabu!"

"Nilifungua... baadaye. Njiani. Ameshuka, dada. Nimemwona ameshuka kwa macho yangu."

"Sawa." Aliisikia pumzi yake simuni. "Na mlango wako? Uliufunga kwanza?"

Barabara ile ikamrudia yote. Kiti alichojiburuta juu yake, mlango wa abiria aliotokea na mtaimbo mkononi... Aliurudia ukiwa wazi. Ulikuwa wazi muda wote. Watu wa winchi hufunga kwao kwanza, ndipo wafungue kwa wengine. Hilo hata aliyeanza kazi jana analijua.

"Maana hao hawashuki wakae barabarani," Dada Redio alikuwa akisema. "Anayeshuka anatafuta pa kupanda..."

Kule mbele, mtoto alinyamaza. Ghafla, katikati ya kilio.

Kisha Kulabu akamsikia mke wake akicheka kidogo, na ile sauti ya adabu anayowawekea akiba wakwe.

"Asante, shangazi. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kabisa."

Simu ilimponyoka. Alikimbia hadi mlangoni.

Mke wake alikuwa amekaa dirishani, anajifunga mkanda. Kwa mikono miwili. Mikono mitupu. Kati yake na usukani, juu ya kiti lakini bila kukigusa, mtoto alikuwa amelala hewani akiyumbishwa huku na huku, polepole, na upindo wa shuka lake ulikuwa ukivutwa vizuri hadi shingoni na vidole ambavyo Kulabu hakuviona. Mle ndani kulinuka maziwa yaliyochacha.

"Ungenipigia basi useme unakuja na shangazi yako," mke wake alisema, hasira yote imemwisha. "Mimi nabwata hapa mbele ya mtu mzima. Hebu ona alivyomnyamazisha."

Baba yake Kulabu alizaliwa peke yake. Hakuwahi kuwa na dada.

"Mama," alinong'ona. "Mchukue mtoto. Mchukue sasa hivi."

Mke akamkazia macho, kama mtu anayemwonya mumewe asimwaibishe mbele ya mgeni.

"Mwache kwanza," alisema. "Ndiyo kwanza amempakata."