Maji ya Bure ya Babu Doyle

Kila Jumamosi asubuhi watu walipanga foleni kwenye geti la shamba la Doyle Stidham. Walikuja na pikapu, wakashusha madumu, wakayajaza kwenye bomba lililochomoza kando ya uzio. Juu ya bomba palikuwa na kibao ambacho mzee Doyle alikiandika kwa mkono wake: MAJI YA KISIMA. HAYAKUTIWA KITU. CHUKUA.

Hapo Tolver Flat, kaskazini mwa Texas, maji ya mji yalitoka ziwani. Kituo cha maji kiliyasafisha, kikayatia klorini ya kuua vijidudu, na floraidi kidogo ya kulinda meno. Mwaka huo mji wote ulibishana juu ya floraidi. Wengine walisema imeokoa meno ya watoto wao. Wengine walisema ni sumu. Waliobishana vikali zaidi walikuwa wakikaa benchi moja kanisani.

Charla Stidham, mke wa mtoto wa Doyle, alikuwa upande wa wapingaji. Aliishi mjini na mumewe Royce, lakini maji ya mji hayakunywewa nyumbani kwake. Kila Jumamosi Royce alileta madumu kutoka kwa baba yake. Binti yao Macy, mwenye miaka saba, alikua kwa maji hayo. Sasa kulikuwa na mtoto mchanga, Wade. Charla aliyachemsha maji ya kisima kwa muda mrefu kabla ya kumkorogea maziwa ya kopo.

Siku hizo meno mapya ya mbele ya Macy yalikuwa yametokeza. Charla aliyasugua kwa mswaki, akayasugua tena. Madoa hayakutoka. Yalikuwa meupe kama chaki, na katikati yalianza kugeuka rangi ya kahawia.

"Mama, unaniumiza," Macy alisema. "Si uchafu. Nimeshaswaki."

Charla alimpigia simu Twyla, kiongozi wa wapingaji.

"Hayo ni madoa ya floraidi," Twyla alisema. "Nimeyaona kwenye picha. Wiki ijayo baraza la mji linakutana. Mlete. Afungue kinywa mbele yao, tuone watasema nini."

"Lakini nyumbani hanywi maji ya mji."

"Shuleni je?"

Shuleni Macy alikunywa maji ya bomba kama watoto wengine. Basi ni hayo, Charla aliwaza. Akaahidi kumleta.

Jirani yao, Eliseo Luján, alikuwa msimamizi wa kituo cha maji. Tangu mabishano yaanze, Charla hakumsalimu. Jioni hiyo Charla, akiwa na Macy, alikuwa akitoa pipa la taka kando ya barabara. Eliseo naye alikuwa akitoa lake. Macy alimpungia mkono Eliseo, akatabasamu. Eliseo akayaona meno.

"Umeona?" Charla alisema. "Kazi ya floraidi yako hiyo."

"Yangu?"

"Wiki ijayo baraza lote litaiona."

Eliseo aliegemea pipa lake. "Niruhusu nikuulize jambo moja, jirani. Ukitaka kunifukuza baadaye, nitakwenda. Nyumba yangu iko hapo tu."

"Uliza."

"Macy alianza shule akiwa na umri gani?"

"Miaka mitano. Kwa nini?"

"Meno haya ya mbele yalianza kujengwa ndani ya ufizi tangu alipokuwa mchanga. Yakitokeza sasa, tunaona kazi ya zamani. Alipoanza shule, gamba la nje la meno hayo lilikuwa karibu limekamilika. Maji ya shule yalikuja yamechelewa."

Charla aliyatazama tena meno ya Macy.

"Kuhusu madoa yenyewe, hujakosea," Eliseo aliendelea. "Yanafanana sana na ya floraidi. Swali ni floraidi ya wapi. Alipokuwa mdogo alikunywa maji gani?"

"Ya kisima cha baba mkwe. Na kisima hakikutiwa kitu."

"Hakikutiwa na mtu. Floraidi ni madini, imo kwenye mawe. Maji yakikaa chini ya ardhi miaka mingi, yanaichukua. Sehemu nyingine huchukua kidogo, sehemu nyingine nyingi. Pale kituoni tunapima kila siku tusipitishe kiwango. Kisima cha mzee anakipima nani?"

"Unatetea kazi yako."

"Ndiyo, naitetea. Kwa hiyo usiniamini. Chukua chupa safi, jaza mwenyewe, peleka maabara ya Amarillo. Mimi hata nisiiguse. Na mdogo je? Anapewa hayo hayo?"

"Yeye namchemshia."

"Kuchemsha kunaua vijidudu, ni vizuri. Lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Kama imo, unamzidishia."

Charla aliingia ndani bila kuaga. Alikasirika. Lakini usiku huo, alipoweka sufuria ya maji jikoni, aliiangalia jinsi ilivyofuka mvuke, kisha akazima moto. Wade alikorogewa maziwa kwa maji ya chupa ya dukani, yaliyoandikwa kuwa yamesafishwa na kuondolewa madini.

Jumapili walikula kwa mzee Doyle, kama kawaida. Kulikuwa na nyama ya ng'ombe iliyookwa kwa moshi, maharage na mkate wa mahindi. Doyle alicheka hadithi yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza Charla aliyatazama meno yake sawasawa. Yalikuwa imara, yote yapo, na yote yalikuwa na mabaka ya kahawia. Ya Royce yalikuwa hivyo hivyo. Katika familia waliyaita meno ya kina Stidham, wakajivunia.

"Baba," Charla aliuliza, "hayo mabaka yametokana na nini?"

"Kahawa, mama. Miaka hamsini ya kahawa nyeusi."

"Royce hanywi kahawa."

Doyle alimgeukia mwanawe. Royce aliinua glasi yake ya chai ya barafu, akaitazama kama haijui.

"Kweli, kahawa sinywi," Royce alisema. "Lakini maji ya kisima hiki ndiyo niliyokulia."

Charla akaeleza aliyoambiwa na Eliseo. Mzee alisikiliza akiwa ameshika uma.

"Kisima hiki alikichimba baba yangu," alisema. "Maji yake yamenilea. Sijang'olewa jino hata moja. Leo mtu wa serikali anakuja kuniambia nina sumu?"

"Hajaja, Baba. Na hajasema sumu. Amesema tupime."

"Tupime." Doyle aliweka uma chini. "Haya. Lakini jaza chupa mbili. Moja ya kisima, moja ya bomba lenu la mjini. Nikiaibika, nisiaibike peke yangu."

Charla alizijaza chupa zote mbili mwenyewe, akazipeleka.

Maabara ilipiga simu asubuhi ya siku ya baraza. Maji ya mji yalikuwa na miligramu sifuri nukta saba za floraidi kwa lita, kiwango kinachopendekezwa. Maji ya kisima yalikuwa na miligramu tatu nukta nane. Yalizidi ya mji zaidi ya mara tano.

"Yakizidi mbili, watoto walio chini ya miaka tisa wasiyanywe," mwanamke wa maabara alieleza. "Yakizidi nne, mji hauruhusiwi kuwapa watu, maana yakinywewa miaka mingi yanaweza kuumiza mifupa. Yenu yako karibu na hapo."

Charla alimweka Wade garini, akaenda shambani. Alimkuta mzee kwenye geti, akamweleza yote pale pale.

Doyle alikitazama kibao chake. Kisha akauliza, "Wanaochota hapa, wangapi wana watoto wadogo?"

"Wengi, Baba."

Mzee alikwenda bandani, akarudi na spana. Alifunga bomba, akalikaza mpaka likagoma kuzunguka.

"Leo utasema barazani?" aliuliza.

"Nitasema."

"Litaje jina langu. Hata hivyo kibao wanakijua ni cha nani."

Ukumbi wa baraza ulijaa. Charla alipoitwa, alikwenda mbele bila Macy.

"Mtoto yuko wapi?" Twyla aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Si uliahidi?"

"Amebaki na baba yake. Meno yake si ya kuonyeshwa kama ng'ombe wa mnada," Charla alisema. "Madoa anayo. Yametoka kwenye kisima cha Doyle Stidham, baba mkwe wangu. Nilikimbia floraidi ya mji, nikampa mwanangu nyingi kuliko hiyo, tena bila kupima."

Akataja vipimo vyote viwili. Akaomba kila aliyechota kwa Doyle, na kila mwenye kisima, apime maji yake.

"Kwa hiyo umehamia upande wao?" Twyla aliuliza.

Eliseo, aliyekuwa amekaa nyuma ukumbini, ndiye aliyejibu. "Kama mji utie floraidi au usitie, hilo ni la kujadiliana. Kuna anayesema aulizwe kwanza kabla ya kutiliwa kitu kwenye maji yake, na ana haki ya kusema hivyo. Lakini kujua kilichomo kwenye glasi ya mtoto, hilo linapimwa."

Baadaye wakazi walipiga kura. Mji ulibaki na floraidi yake kwa tofauti ndogo. Twyla alipinga, Charla aliunga mkono ibaki, na kanisani waliendelea kukaa benchi moja. Twyla naye alikuwa amepima kisima cha dada yake.

Doyle alifunga chini ya sinki lake mtambo unaosukuma maji kupitia utando mwembamba na kuzuia floraidi. Alikuwa amejaribu kwanza chujio la mkaa, la kuweka kwenye jagi. Alipopima, floraidi ilikuwa karibu ile ile. Bomba la getini alilifungua tena, lakini kibao kilibadilika: YANA FLORAIDI NYINGI. YA KUMWAGILIA NYANYA NA KUOSHA MAGARI TU. Macy alipofika umri wa kufaa, daktari wa meno aliyapunguza madoa yake.

Wade alilelewa kwa maji yaliyopimwa. Alipotimiza miaka saba, meno yake mapya ya mbele yalitokeza. Charla alimshika mkono, akampeleka kwa jirani. Eliseo alikuwa uani akinyunyizia majani.

"Fungua kinywa, mwanangu. Mwonyeshe Bwana Luján."

Wade alifungua. Eliseo aliinama, akavaa miwani, akatazama kwa makini.

"Mbona sioni kitu?" aliuliza.

"Ndiyo maana nimemleta," Charla alisema. "Asante, jirani."