Shafti Iliyogoma

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, binti alitia kidole kwenye shafti ya jetski yake ili aizungushe, kama alivyofundishwa kufanya kabla ya kuingia majini, na shafti ikagoma. Akatia vidole viwili. Akashika kwa mkono mzima. Ndipo alipomwita baba yake kwa sauti iliyowaamsha hata majirani.

Baba yake, Fundi, aliijenga jetski hiyo ya kusimama kwa miezi saba katika karakana iliyo nyuma ya nyumba. Kazi ya mwisho, na ngumu kuliko zote, ilikuwa kunyoosha injini, shafti na pampu vikae kwenye mstari mmoja. Aliimaliza jana saa tisa alasiri, na nyumba nzima iliiona shafti ikizunguka kwa kidole kimoja. Mashindano yalikuwa leo saa nne.

"Ni mimi," Fundi alisema, akakalia ndoo. "Macho yamekwisha. Kama nimekosea hii, nafunga karakana. Siwezi kumpandisha mtoto wa mtu kwenye kazi ya kipofu."

Dada yake, polisi mstaafu ambaye mtaa wote bado unamwita Sajini, alifika saa moja na dakika kumi akiwa na ndara miguuni. Kumwona kaka yake juu ya ile ndoo kulimuuma sana.

"Inuka," alisema. "Hapa hahukumiwi mtu kabla sijauliza maswali. Pima."

Fundi akalaza rula ya chuma pale shafti inapoungana na injini. Mkewe akachomeka kipimo kwenye upenyo.

"Ngapi?" Fundi aliuliza.

"Tatu. Milimita tatu."

"Jana ulinisomea sifuri."

"Ilikuwa sifuri," mkewe alisema, akafuta kipimo kwa kitambaa.

Sajini akapiga magoti na tochi. Chini ya miguu miwili ya nyuma ya injini Fundi alikuwa ameweka vibati vya kuinulia, kimoja kila upande. Havikuwepo. Palikuwa na alama mbili tu za mraba kwenye rangi. Bolti zilikuwa zimekazwa sawasawa na kutiwa gundi mpya ya bluu ya kuzuia zisilegee.

Binti akafungua kopo la vibati, lenye vyumba kumi na viwili, kila chumba na unene wake. Vibati viwili vyenye mikwaruzo mipya vilikuwa kwenye chumba cha milimita tatu, mahali pake hasa.

Fundi akarudi kwenye ndoo. "Basi ni mimi kweli. Nani mwingine angevirudisha pale? Nilivitoa, nikasahau. Kwanza macho, sasa akili."

Mkewe alitazama chini.

Kutoka saa tisa na nusu hadi saa kumi na mbili jioni Fundi alikuwa amekwenda kuazima trela. Watu wawili walikuwa wamepita karakanani. Sajini aliwaita wote.

Wa kwanza alikuwa Rangi, mchoraji wa mtaa, aliyekuja saa kumi kuchora namba ya mashindano. Vidole vyake vilikuwa vya bluu, kama ile gundi.

"Hii gundi, au nini?" Sajini aliuliza.

"Rangi, Sajini! Mimi bolti ya mlango wangu tu hunishinda."

Akasugua kwa petroli, bluu ikatoka yote. Sajini alinusa kitambaa, akamwacha aende.

Wa pili alikuwa Propela, fundi wa mtaa wa pili, ambaye mpwa wake alikuwa anashindana leo na binti. Alikiri kuingia saa kumi na nusu kuchukua spana.

"Hukumkuta mtu?"

"Mtu hakuwepo. Nilichukua spana nikaondoka."

"Na ulikuwa na sababu ya kuiharibu."

Propela alicheka, lakini hakufurahi. "Sababu ninayo. Lakini ningetaka kumwaibisha kaka yako, ningepunguza nusu milimita tu. Ingewaka vizuri, ikaja kuvunjikia katikati ya maji watu wakitazama. Milimita tatu? Hiyo haitoki hata mlangoni. Aliyefanya hivi hakutaka iguse maji."

Saa ya Sajini ilionyesha saa mbili na robo. Akarudi ndani ya karakana, akafunga mlango.

"Wifi," alisema, "nikikuhoji watasema ni uwifi. Wacha waseme. Jana saa kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Mwizi gani anatia gundi kwenye bolti? Huyu aliogopa injini isije ikalegea chini ya mtoto. Halafu kuna kopo. Vibati havina namba. Cha tatu na cha mbili na nusu, kwa macho ni kitu kimoja. Kaka yangu hawezi tena kusoma kipimo avitenganishe, ndiyo maana kila mara anauliza 'ngapi?' Na miaka minane yote anamuuliza nani?"

Fundi aliinua kichwa.

Mkewe hakukana. "Mwaka jana walimtoa mtoto huyu majini midomo imekuwa ya bluu," alisema. "Siku tisa nilikaa kando ya kitanda nikihesabu pumzi zake. Nyinyi mkaanza kujenga jetski nyingine. Nilisema isiwake tu, hapa hapa nyumbani, basi. Sikujua utajilaumu wewe, baba watoto. Nilipokuona kwenye ndoo nilitaka kusema. Nikaogopa. Nisamehe."

Binti alikuwa analia, kwa hasira na kwa huruma, vyote pamoja. Fundi alimshika mkewe mkono na hakuuachia.

"Virudishe, mama," binti alisema mwishowe. "Lakini usomaji ni wako. Ukisema haiko sawa, siendi, na sikuulizi."

Mama akafumba macho akachagua vibati kwa ncha za vidole. Fundi akainua injini kwa mtaimbo, akakaza bolti, akalaza rula. Mkewe akachomeka kipimo, akakikazia macho.

Karakana nzima hakuna mwingine aliyeweza kukisoma pale alipoinama. Sajini, ambaye maisha yake yote alikagua maneno ya watu, aligeuka akatazama ukuta.

"Ngapi?" Fundi aliuliza.

Mkewe akakichomoa kipimo, akakifuta kwa kitambaa, akakichomeka tena.

"Sifuri," mama alisema, na machozi yakamdondoka juu ya shafti. "Iko sawa. Mwacheni aende."