Alama ya Nyumba ya Bibi Mukarugwiza

Likizo ile, kila asubuhi baada ya chai, Kaliza alifuatana na shangazi yake Claudette, mpimaji wa ardhi. Walizunguka mtaa wa Kagugu wakipima nyumba za mteremkoni, ili zile za hatari zijulikane kabla mvua hazijapamba moto. Claudette alikuwa na kifaa cha jipiesi, kinene kuliko simu, kinachopokea mawimbi ya setilaiti na kuhifadhi mahali uliposimama.

"Simama mlangoni, tulia mpaka kilie, ndipo ubonyeze," alimfundisha. "Usipofika mlangoni, usihifadhi kitu."

Baada ya siku chache Kaliza alianza kuachiwa baadhi ya nyumba apime peke yake. Siku moja Claudette alipigiwa simu, akamwachia Kaliza nyumba ya mwisho, ya Bibi Mukarugwiza, chini kabisa kando ya korongo. Kaliza alipokaribia, mbwa mkubwa alichomoka uani, meno nje. Msichana alitimua mbio mpaka juu barabarani. Alitazama huku na huku. Hakumwona mtu. Akabonyeza kitufe palepale.

"Umemaliza?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

Juma lililofuata mvua ilinyesha bila kukoma. Rwema, kijana wa ofisi ya mtaa aliyekuwa akiwahamishia shuleni watu wa nyumba za hatari, alipita kwa Claudette akiwa amelowa chapachapa.

"Wote wa korongoni wako shuleni sasa," alisema.

"Na Bibi Mukarugwiza?" Kaliza aliuliza.

"Huyo yuko salama. Mimi si mwenyeji huku, nafuata ramani, na ramani inamweka juu, barabarani."

Kaliza alitazama dirishani. Akisema, shangazi hatamwamini tena. Akinyamaza... Nje maji yalinguruma mteremkoni.

"Shangazi, nilidanganya!" alisema, machozi yakimtoka. "Niliogopa mbwa. Nilihifadhi nikiwa barabarani. Nyumba yenyewe iko chini kabisa!"

Claudette hakugomba. Alinyakua koti. "Twende!"

Walishuka wakiteleza kwenye tope. Bibi alikuwa ameketi jikoni akiota moto, na nyuma yake sakafu ilikuwa imepasuka ufa mrefu.

"Mbona hakuna aliyeniambia?" aliuliza kwa mshangao.

"Samahani, bibi, panda mgongoni," Rwema alisema akichutama.

Uani mbwa alikuwa amefungwa, akilia. Kaliza alimsogelea polepole, akafungua kamba. Mbwa alimpita mbio. Walipofika barabarani, ardhi ilitoa mlio mzito, na jiko lote likaporomokea korongoni.

Shuleni, Kaliza aliketi akiwa amelowa. Claudette alimfunika kitenge.

"Kuogopa mbwa si kosa," alimwambia. "Ungerudi ukaniambia, tungeshuka sote wawili. Kosa ni kuuficha woga kwa uongo. Kifaa kile kinaandika uliposimama tu. Hakijui kama ni mlangoni au barabarani. Watu wanalala wakitegemea ukweli wako, mwanangu. Leo umeusema ukiwa na hofu, na ndiyo maana bibi anakunywa uji pale."

Kaliza alifuta machozi.

"Na nyumba nyingine ulizopima peke yako? Ulifika mlangoni?"

"Zote, shangazi. Nasema kweli."

"Nakuamini," Claudette alisema. "Lakini mvua ikikatika tutazipima upya, wewe na mimi, mlango kwa mlango."