Alishukia Upande wa Pili

Mimi ni mpiga picha, na nikiwa kazini sina subira, nakiri. Mwanga wa jioni jangwani haumsubiri mtu. Jua likishainama, mchanga unaiva rangi, vivuli vinarefuka, na una robo saa tu. Ukizubaa, imekula kwako.

Jioni ile nilikuwa natafuta picha ya jalada la kalenda. Nilitaka mtu mmoja, mdogo kabisa, juu ya mgongo wa kilima cha mchanga, ili ukubwa wa kilima uonekane. Nikamchukua mdogo wangu wa mwisho, tuliyempachika jina la Kengele kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Njia nzima alinichambua: shati langu, kitambi changu, hadi mchumba aliyenikimbia. Mama alikuwa amegoma kumtoa. Mwishowe alinishika mkono akasema nimrudishe kama nilivyomchukua.

Dereva tuliyemkodi hakushuka garini. Alituonya jambo moja tu, kwamba pale anayepanda hushuka kwa miguu yake mwenyewe, na hushukia alikopandia. Nilicheka kimoyomoyo.

Kengele akapandia pembeni, nje ya picha, akatembea juu ya mgongo hadi katikati, mtandio wake mwekundu ukipepea. Nikapiga. Picha zilikuwa tamu, jamani! Kisha nikataka moja ya kilima kitupu, mchanga msafi usio na mtu. Akirudi alikotoka angenichelewesha, na jua lilikuwa linazama. Nikampungia mkono: shukia nyuma, uzunguke.

Akasita.

Nikampungia tena, kwa hasira. Akashukia upande wa pili.

Nikainama kwenye kamera, nikabonyeza. Nilipoinua kichwa alikuwa anateremka kuja kwangu moja kwa moja, katikati ya mchanga wangu msafi. Nilimfokea. Nikamwambia ameniharibia kazi ya siku nzima, na kalenda ataipiga yeye. Hakujibu.

Kengele, asijibu?

Nikatazama mchanga nyuma yake. Ulikuwa laini... laini kama shuka iliyotandikwa. Hapakuwa na alama hata moja.

Akafika, akasimama ubavuni pangu. Alinuka udongo uliolowa, na kule mvua ilishasahaulika. Upepo ukakata.

Ndipo nikaisikia sauti ya Kengele, kutoka nyuma ya kilima.

"Kaka... mbona umeniacha?"

Aliyekuwa ubavuni pangu akanong'ona.

"Usiitike. Siyo mimi."

Sauti ileile. Nikaukumbuka mkono wa mama. Nikajiambia mtu wa kweli huacha nyayo, basi wangu ni yule wa kule nyuma. Nikakimbia, nikapanda kwa kufuata nyayo alizopandia. Nyuma yangu nikasikia kilio chembamba, cha mtu anayeachwa. Sikugeuka.

Upande wa pili alikuwa amekaa, mchanga umemfika kiunoni. Hakusema kitu. Nilimvuta kwa mikono yake ya baridi, nikamtupia mgongoni na kushuka naye kwa njia ileile. Pale nilipoiacha kamera hapakuwa na mtu. Palikuwa na mtandio mwekundu tu chini, umekunjwa vizuri.

Dereva alitutazama kwenye kioo. Akaniuliza, taratibu, kama ameshuka kwa miguu yake. Nikamwambia nimembeba. Akawasha gari.

Hizi ni wiki tatu sasa. Kengele hasemi. Anatabasamu, anakula, anaosha vyombo. Mama anasema mtoto amekua, ametulia, na majirani wanamsifu. Mimi nashindwa hata kula naye meza moja.

Ile picha ya mwisho, ya kilima kitupu, niliiogopa. Juzi nikajikaza, nikaikuza kwenye kompyuta. Juu ya mgongo yupo mtu. Mdogo kabisa, bila mtandio, ameinua mikono yote miwili, kinywa kiko wazi. Nilipokuwa nabonyeza, pale juu sikuona mtu.

Leo asubuhi Kengele ametoka kuoga, pekupeku, maji yanamchuruzika. Amenipita ukumbini bila kuniangalia. Harufu ya udongo uliolowa ikanifika. Nikajilazimisha kutazama sakafu. Matone ya nywele zake yalikuwepo, yamepangana hadi mlangoni kwake. Unyayo, hakuna hata mmoja.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Hakutazama chini. Aliutazama mlango uliofungwa, akatabasamu.

"Mungu akubariki, baba," akaniambia polepole. "Ulinirudishia mwanangu."

Nikapokea chai. Gari nimeshalikodi, nitaendesha mwenyewe, maana yule dereva amekataa. Nikifika kule jioni nitapanda, na nitamwita yule wa kwenye picha. Naomba tu awe bado anaweza kuitika.