Waya ya Lulimi

Nyungu ya sombe, majani ya muhogo, ilikuwa inaungua, na Mama Régine alikuwa ameikala pembeni yake.

Osée alisikia harufu tokea mu salon. Akatoka mbio mu parcelle, inje ya nyumba, akakuta moshi mweusi inapanda, sombe imekuwa lami, na mama yake anachagua maharagi mbele ya mbabula ya makala, ametulia sawa muntu anangojea misa ianze. Akamuuliza kama hasikii. Mama akainua pua, akavuta pumuzi. Hapana, akasema, hakuna harufu yoyote.

Osée akasema ni mafua. Alikuwa na haki ya kusema: diplôme yake ya médecine ilikuwa imetundikwa pa ukuta, grande distinction, na kazi hakuna. Alipeleka dossier mpaka viatu vikatoka semelle ya chini. Kila bureau, on va vous appeler, tutakuita. Wenye kuitwa walikuwa batoto ya dada ya directeur. Bon. Sasa alikuwa anafundisha batoto ya première année ya médecine mu nyumba yao pale Naviundu, kichwa cha mufu, mufupa mutupu, juu ya meza.

Kichwa kile alipewa na papa mudogo Kasonde siku ya kuandikishwa université. Kasonde alisema alikipata kwa muntu wa laboratoire. Alikuwa ndugu ya baba yake André, creuseur, muchimba madini, mwenye kufia mu shimo kule Kambove wakati Osée angali mutoto. Mwili haukuonekana; kilio kilifanywa bila maiti, na kisha ya kilio Kasonde akahamia, akakamata mama kuwa bibi yake, na mwana pia.

Juma ile Osée alikuwa amepata akili mupya. Alichuna kabulo ya zamani ya umeme, akatoa waya za shaba, ili kila nerf, mushipa wa fahamu, ipate waya yake na kila waya ipite mu tundu yake ya kichwa. Asubuhi, kabla nyungu haijaungua, alikuwa amepitisha ya kwanza, olfactif, yenye kusikia harufu, mu vitundu vidogo-vidogo juu ya pua. Mama alikuwa pale pa meza na maharagi yake.

Kesho yake akapitisha mbili pamoja, facial na auditif, ya uso na ya sikio, sababu zinaingia mu tundu moja sawa mapacha. Mama akamuletea chai, akakunywa yake kidogo, na chai ikatiririka pa kona ya mudomo. Upande wa kuume wa uso ulikuwa umeanguka. Osée akamuambia ainue mapaji, afunge macho. Jicho moja likabakia wazi. Akamuita kwa sikio la kuume, mama hakugeuka. "Paralysie faciale périphérique," akasema, na sauti ya muntu mbele ya jury, halafu akapata haya, juu ule hakuwa mugonjwa wa examen, alikuwa mama yake.

Kasonde akachungulia pa mulango, akaona kichwa na zile waya, akarudia nyuma. Toka pale hakuingia tena mu salon. Chakula akaanza kukulia inje.

Na kulikuwa ile kitu ya pumuzi. Kila saa chakula kilipita karibu na meza, kitu kilivuta pumuzi fupi, mara mbili, sawa imbwa pa jikoni, na salon yote ikanuka udongo wa chini, ule wenye haujaona jua. Wanafunzi waliangaliana. Mumoja, Léa, akasema polepole kama mu nyumba iko jini. Osée akamujibu kama nerf bila muscle, bila nyama, haifanyi kitu, tuendelee, akakamata waya ya macho, akaipitisha.

"Monsieur," Léa akasema, "juu ya nini munafunga dirisha upande moja?"

Hakuna dirisha yenye ilifungwa. Osée akachomoa waya. Léa akapepesa macho, akasema mwangaza umerudia, akaanza kulia.

Osée akarudisha batoto kwao. Alikuwa amefahamu: kila waya ikiingia, kichwa kilikuwa kinakamata ile nguvu kwa yule mwenye kuikala karibu. Akaita mama, akamuonyesha waya zake, akamuambia atazichomoa na atapona. Akamuonyesha na zenye zilibakia pa meza, kila moja na kazi yake. Hii ya lulimi. Hii ndefu ni vague, ya moyo na pumuzi. Ikiingia, muntu anakufa palepale.

Alingojea mama afurahi. Mama aliangalia waya tu.

"Osée, mwanangu," akasema na nusu ya mudomo. "Usiweke ile ya lulimi."

"Mama, nimekuambia ile ya moyo njo inaua. Weye unaogopa ya lulimi?"

Osée akarudilia ile swali mpaka mama akashindwa. Akasimulia na macho chini. Kasonde alivuta kamba yenye ndugu yake alishukia, juu ya kumukamata bibi yake, André akaita mu shimo muchana muzima. Kisha ya kilio hakuacha kuita, miaka na miaka, mu masikio yao wawili, mu nyumba. Mufumu, ule muganga, akawaambia watoe mwili mu shimo, watenge kichwa, kichwa kikae nyumbani, kishikwe kila siku na mukono wa mwana wake, na hatasema kitu. Lakini bantu wanauliza juu ya kichwa mu nyumba. Hawaulizi pa nyumba ya docteur.

Osée akakumbuka yeye alitaka mécanique, kazi ya injini, na walimulazimisha médecine. Alilia juu ya mécanique.

"Donc diplôme yangu," akasema, "ni kitambaa ya kufunikia kichwa ya papa."

Mama akaapa kama yote ilikuwa ya Kasonde, yeye alijua nyuma sana. Osée akaangalia ule uso nusu, wenye alikuwa ameamini maisha yake yote, akakamata waya ya lulimi, akaipitisha pembeni ya tundu kubwa la shingo.

Kinywa cha mama kikafunguka, kikabakia tupu. Sauti yake ikatokea pa meza, mu kichwa.

"Régine. Si ni weye ulikamata taa pale pa shimo?"

Mama akakimbia inje, na Osée akabakia na ile sauti, sauti yenye ilimubembelezaga akiwa na homa, inatoka sasa mu meno ya muntu mwenye yeye Osée alilia kilio chake akiwa mudogo, na pumuzi inavutwa, na harufu ya udongo inapanda mpaka akaisikia mu koo, na alitaka kusema papa, neno moja tu, lenye hakupata kulisema kwa muntu toka utoto.

"Mwana yangu," sauti ikasema. "Niletee ile ya moyo."

"Mama ametoka, papa. Tumebakia miye na weye, mwenye iko karibu ni miye."

"Nimesikia miguu yake. Ingiza."

Osée akangojea kama kuko neno lingine. Hapakuwa. Akachomoa waya ya lulimi.

Inje, lulimi ya mama ikarudia. Alijua mwana wake iko peke yake mu ile salon. Akaita na nguvu yake yote, na jina lenye aliita lilikuwa Kasonde.

Kasonde akafika pa mulango anatoka jasho, anasema polepole kama mambo ya familia yanaongewa, tuache hasira. Osée alikuwa amesimama kule nyuma, mugongo pa ukuta, ile waya ndefu ya moyo mu mukono, imenyooka mpaka pa meza, ncha yake imeisha kufika pa kinywa cha tundu ya kichwa. Kwa muguu akasukuma kiti mpaka pa meza, karibu sana, pale alikuwaga anaikalisha wanafunzi. Pa meza pumuzi ikavutwa, mara mbili.

"Ikala, papa mudogo," akasema. "Leçon ya leo ni fupi."