Abiria wa Nahodha Ndyamukama

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Safina mwenyewe, Buganguzi kwa shangazi yake, juma moja baada ya arobaini ya mama yake, Mei mwaka jana. Aliisimulia huku akimenya ndizi, bila kuinua macho.

Kaka yake, Uledi, alikuwa mtafsiri wa filamu katika banda la video pale Nyanga. Tamthilia moja ya vyombo vya angani, iliyokoma wakiwa bado shule ya msingi, ilikuja kufufuliwa. Uledi akaingiza sauti yake ya Kiswahili katika sehemu ya kwanza, kisha akafa kwa homa ya ini. Nahodha wa chombo alikuwa amempa jina la Ndyamukama. Kila mlango wa chombo ulipofunguka, Uledi aliuliza kwa sauti ya nahodha, "Nani anapanda?" na banda zima likajibu kwa kutaja jina la wa kutaniwa siku hiyo.

Mama yao, Bi Farida, alipopooza upande mmoja na kupoteza usemi, sehemu hiyo ndiyo pekee iliyomtuliza. Kwa miezi saba Safina aliiweka kila alasiri, baada ya kumgeuza mama na kumfulia mashuka. Aliijua neno kwa neno.

Jumatatu moja alikuwa hajalala siku mbili. Jirani yao, Kokuhirwa, alipita na chupa ya uji.

"Bado mko kwenye chombo hiki?" alisema. "Si mngekuwa mmeshafika."

"Kinaendeshwa na mgongo wangu, dada."

Kokuhirwa akacheka, akaenda zake.

Mlango wa chombo ukafunguka. "Nani anapanda?"

Safina alikuwa ameinamia beseni. Akajibu, nusu utani, nusu si utani, "Mama anapanda."

Hapo nahodha hucheka. Safari hii hakucheka.

"Umechoka, Safina?" sauti ya Uledi ikauliza.

Sabuni ikamponyoka. Nje jua lilikuwa linawaka. Kuku walikuwa wanachakura.

Mama alikuwa ameikazia macho televisheni. Alitabasamu, kwa pande zote mbili za mdomo.

"Nilikuwa natania," Safina akanong'ona. "Kaka, nilikuwa natania."

"Ameshakaa," sauti ikajibu, kwa upole.

Akachomoa waya. Picha ilikawia kuzimika. Alipogeuka, mkono wa mama, ule uliopooza, ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda kama wa abiria gari linapoanza kuondoka. Ulikuwa wa baridi.

Siku ya tatu ya msiba, Safina na Kokuhirwa waliiangalia tena sehemu ile, mchana, mlango wazi. Hakuna aliyeulizwa kama amechoka. Nahodha anacheka kama zamani. Ila kwenye kiti cha pili nyuma yake, kilichokuwa kitupu siku zote, kuna kanga ya kijani, imekunjwa mara nne. Kokuhirwa ndiye aliyeionyesha kwa kidole. Safina akaenda kufungua sanduku la mama yake. Kanga yake ya kijani haikuwemo.

Uledi na Bi Farida wamezikwa Kitendaguro. Kokuhirwa yu hai. Shangazi yu hai. Safina naye yu hai, anaishi Buganguzi, katika nyumba isiyo na televisheni.