Mluzi kwenye Spika ya Haidar

Haya yalimkuta rafiki yangu Haidar wa Kigombe, alasiri ya harusi ya dada yake. Gari lake ndilo lingembeba bibi harusi, na muziki ulikuwa hausikiliziki: kila akikanyaga mafuta, spika ya mlangoni inapiga mluzi. Alishabadilisha redio, akahamisha waya wa arthi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, mluzi uko palepale.

"Juzi ulinambia redio, jana waya! Leo utanambia nini?" Haidar alimfokea Saleh, fundi wake, ndani ya gereji iliyotiwa giza na mvua. "Watu wananisubiri!"

 Saleh akazima injini iliyokuwa ikinguruma, akachomoa betri. Mluzi ukaendelea.

"Hata bila umeme?" Haidar, hasira zimemjaa, akaing'oa spika, akakata waya zake zote na kuibwaga mezani. Kimya.

"Si umeona," Saleh akacheka, "umekoma."

Lakini Haidar alikuwa ameikodolea macho ile spika. Ngozi nyeusi ya spika ilikuwa inapanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Akasogeza kiganja juu yake. Pumzi iliyompiga ilikuwa ya moto.